Majani Yenye Pembe

Jumatatu, 3 Juni 2019

Siku mbaya. Nimepita mbele ya duka la dawa la Marcella, hapa chini ya soko la Gakoromone. Simba wangu hayupo! Ukuta upo, simba ndiye hayupo. Yule niliyemchora kwa mkono wangu, amelala mbele ya Mlima Kenya, twiga nyuma yake. Amepakwa rangi, amezikwa akiwa hai.

Mahali pake kuna majani. Si majani ya kawaida. Jani la mgomba limekatwakatwa likawa pembetatu tupu, moja kijani kibichi, nyingine kijani cha chupa, nyingine rangi ya haradali. Jani la nduma ni nusu duara mbili zimeshikana, halafu ncha. Punje za kahawa ni miviringo ndani ya miraba. Hakuna mnyama hata mmoja. Hakuna mlima. Hakuna hata namba ya simu ya duka!

Nikamuuliza Marcella ni nani amefanya uharibifu huu. Akasema ni Wambeti, msichana wa kutoka Embu, amehamia hapa mjini juzi. Akasema wagonjwa wakiutazama ukuta ule wanatulia. Nikamwambia mgonjwa hatakiwi kutulia, anatakiwa kununua dawa. Hakucheka.

Mimi ni Bundi. Nani asiyenijua? Kila simba aliye ukutani kutoka mjini Meru hadi Muthara ni wangu. Hata yule anayefanana na ng'ombe.

Cicily amechelewa kutoka sokoni. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema alisimama kidogo kwa Marcella, kutazama ukuta. Nikamuuliza hicho kidogo ni kiasi gani.

"Baba Kiambi, nilijisahau tu," akasema.

Tangu tuoane, mke wangu hajawahi kujisahau mbele ya simba.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka na wazo. Pembetatu! Kila mtu Kenya hii anajua pembetatu ni alama ya waabudu shetani. Na ukuta wa Marcella umejaa pembe tupu. Pembe za jiometri, pembe za Ibilisi, tofauti iko wapi?

Nikaenda kwa Koome. Koome anauza rangi na misumari, tena ni mzee wa kanisa letu. Nikajifanya natafuta brashi. Nikasubiri wateja watoke, nikamnong'oneza kwamba sisemi mtu ni mbaya, lakini ndani ya ile miraba kuna macho. Macho yanayotazama. (Ni kahawa, lakini ukitaka kuona jicho utaliona.)

Uso wa Koome ukabadilika. Akasema jambo hili si dogo, ataenda na wazee wenzake wajionee.

Nimelazimika kununua brashi nisiyoihitaji. Vita vina gharama.

Alhamisi, 6 Juni

Wazee wamekwenda. Niliwatazama kutoka ng'ambo ya barabara, nyuma ya lori la kabichi. Wakasimama mbele ya ukuta. Mmoja akavua kofia. Koome akaanza kutikisa kichwa, polepole, kama mtu aliyefiwa. Nikafurahi mno! Nikanunua mandazi.

Baadaye Koome akaja nyumbani. Kunishukuru! Akasema bila mimi wasingesimama kuutazama vizuri ukuta ule. Akasema kila alipotazama pembetatu alikumbuka Utatu Mtakatifu, mpaka akatikisa kichwa kwa mshangao. Wameshaongea na Wambeti. Anapewa ukuta wa darasa la shule ya Jumapili.

Ukuta wa kanisa! Ambao mimi nimeuombea miaka yote. Nilishaanza hata kufikiria nitamchoraje simba wa Danieli.

Cicily akamkaribisha chai na kusema ni habari njema. Hamu ya sukari ikaniishia.

Jumamosi, 8 Juni

Mjue adui yako. Nimekwenda kanisani kupeleleza, nikijifanya nimekuja kuangalia mabati yanayovuja.

Nilitarajia mtu wa majivuno. Nikakuta msichana mwembamba, amevaa ndara, suruali imejaa rangi mpaka huwezi kujua ilikuwa rangi gani. Akainuka, akanisalimia kwa mikono miwili. Akaniita Mzee Bundi. Mzee! Mvi zangu ni za rangi nyeupe, nilijipaka kwa bahati mbaya Jumanne.

Akasema utotoni alikuwa akipanda basi na mama yake kutoka Embu kuja kwa shangazi, na alikuwa akinitafuta njiani. Si mimi, simba wangu. Akimwona mmoja anapiga kelele. Ndiko alikoanza kupenda kuta, akasema.

Ananidhihaki. Ni wazi.

Nikamuuliza, kwa ujanja, jinsi anavyofanya zile pembe zake. Akanieleza kila kitu! Ananing'iniza jani halisi ukutani kwa uzi, analitazama mpaka anaona mistari yake inakwenda wapi. Halafu msumari, uzi, chaki. Jani lenyewe linakuambia likatwe wapi, akasema. Alinionyesha kwenye jani la mgomba. Hakuficha chochote. Mtu mwenye akili hatoi siri namna hiyo. Lazima kuna siri nyingine chini ya hiyo.

Halafu akaniambia anaogopa ngazi, kichwa kinamzunguka. Je, ningekubali kuchora nusu ya juu? Tungeandika majina yote mawili.

Nikamwambia Bundi hagawani ukuta na mtu.

Nimerudi nyumbani na lile jani la mgomba ndani ya koti. Cicily akauliza kama kuna kitu cha kupikia ndani yake.

Jumapili, 9 Juni

Ibada ndefu. Watu wote wanachungulia dirishani kutazama ukuta wa shule ya Jumapili, na haujaisha hata nusu. Nusu ya chini imejaa majani ya mtama, kila jani ni mshale uliopinda. Nusu ya juu ni plasta tupu. Cicily alichungulia wakati wa sala. Najua kwa sababu nami sikuwa nimefumba macho.

Mhubiri alihubiri juu ya wivu. Kaini na Habili. Nilimtazama Wambeti muda wote ili ujumbe umfikie.

Jumanne, 11 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Nilikuwa dukani kwa Koome, simu yake ikalia. Alikuwa Kanana, yule mama mwenye gesti mpya kule Kiirua, kando ya barabara ya Nanyuki. Anataka ukuta wa majani kama wa Marcella. Anaomba namba ya Wambeti. Koome akasema ataitafuta, ameiandika mahali.

Kabla hajaipata, mimi nilikuwa njiani kwenda Kiirua.

Nilimkuta Kanana anafagia veranda. Mama mpole, shuka begani, baridi ya kule haina adabu. Nikamwambia Wambeti ni mwanafunzi wangu. Maneno yalitoka yenyewe. Nikaongeza kwamba yeye bado anajifunza, na ukuta wa barabarani unahitaji mwalimu.

Akafurahi. Akaniambia anachotaka. Gesti ameipa jina la mama yake, marehemu Ciakuthii, aliyekuwa na shamba sehemu za chini, ng'ambo ya Muthara, kwenye joto. Mama yule aliwasomesha kwa mihogo. Kwa hiyo anataka majani ya mhogo, makubwa, msafiri ayaone kutoka mbali na ajue hii ni nyumba ya mama.

Majani ya mhogo! Wambeti hajayagusa. Ni yangu peke yangu.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemaliza! Mikono inauma, moyo unaimba.

Sikuning'iniza jani lolote ukutani. Kwanza, Kiirua hakuna mhogo, ni viazi tu. Pili, mwalimu hahitaji jani, analo kichwani. Nimechora vidole saba kila jani, vinatoka kitovuni na kupanuka kama jua. Kila kidole ni pembetatu ndefu, nyembamba, imechongoka. Nikaweka meno madogo pembeni, pembetatu juu ya pembetatu. Nimemshinda kwa pembe! Kijani juu ya kijani, kutoka kona hadi kona.

Na watu wanaelewa! Waendesha boda boda wote wanapiga honi wakipita. Wananiinulia dole gumba. Dereva wa lori la viazi alisimamisha gari, akapiga picha. Kijana mmoja mwenye nywele za rasta alinikumbatia, machozi machoni, akasema hajawahi kuona mzee jasiri kama mimi.

Ndiyo sanaa hiyo. Wambeti amewahi kumliza nani?

Kanana hakuwepo, alikwenda mjini kununua mablanketi. Ataona mwenyewe.

Jumamosi, 15 Juni

Simu asubuhi. Kanana. Sikuweza kusikia vizuri kwa sababu alikuwa akilia na kufoka pamoja.

Vijana wamejaa kwenye gesti tangu alfajiri. Wanamnong'oneza wakiuliza kama "ile kitu" ipo. Yeye akadhani wanataka mhogo. Akatuma uletwe kutoka sokoni, akauchemsha sufuria nzima, akawapa na chai. Wakala. Wakasubiri. Wakaondoka na hasira. Halafu wakaja polisi wawili. Wakapiga picha ukuta, wakaomba kuonyeshwa shamba.

"Bundi, umechora bangi kwenye nyumba ya mama yangu!" akasema.

Nikaenda mbio. Nikasimama ng'ambo ya barabara, nikautazama kama mgeni. Nikauona.

Ni kweli kidogo.

Lakini fundi hakosi dawa. Kosa ni nini? Watu hawaoni mhogo wenyewe, wanaona majani tu. Basi nichore mizizi! Nikachukua rangi nyeupe. Mihogo mirefu, imelala safu safu chini ya majani, kwa mtindo ule ule wa jiometri, imebana kati na kuchongoka huku na huku. Safi sana. Ila ilionekana baridi. Nikaweka rangi ya machungwa kwenye ncha ya kila mmoja, kwa ajili ya uhai, na mstari mdogo wa kijivu ukipanda juu, kama ukungu wa asubuhi.

Nilipokuwa nasafisha brashi, yule kijana wa rasta akarudi. Akatazama mihogo. Akakaa chini kando ya barabara akacheka mpaka akashika mbavu. Akaniuliza nani ataivuta misokoto yote hiyo.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda kanisani. Nimeitwa Kiirua.

Polisi wamerudi na mkubwa wao. Alisimama mbele ya mihogo yangu, akacheka kwanza. Halafu akaacha kucheka. Akasema ukuta huu usiwepo hivi ifikapo kesho jioni, la sivyo gesti itafungwa na mimi nitaueleza mhogo wangu kwa hakimu.

Nilidhani Kanana atanitukana. Ningependelea anitukane. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, shuka limemwanguka begani. Akasema mama yake alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Hata ugoro hakunusa. Na sasa jina lake liko juu ya kitu kile, na barabara nzima inacheka.

Nikaliokota shuka, nikamrudishia begani.

Nikasema nitapaka ukuta wote chokaa. Akasema hapana. Akaniomba namba ya mwanafunzi wangu.

Nimempigia Koome, nikaipata, nikaitoa. Niliitaja tarakimu moja moja, kama mtu anayesaini talaka.

Jumatatu, 17 Juni

Wambeti alifika Kiirua kabla yangu. Nilitaka kuchelewa ili nisimwone akicheka. Hakucheka. Alikuwa ameketi karibu na Kanana, anakunywa uji, anauliza habari za mama. Mama Ciakuthii alipenda kuvaa nini. Aliimba sauti gani. Na pale shambani, mbali na mihogo, kulikuwa na nini?

Kanana akaweka kikombe chini. Halafu akasema mipapai. Miwili, langoni. Mama alikuwa akiwapa mapapai kabla ya kwenda shule, na mbegu wanarushiana njiani. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Ndipo akageuka akaniona. Akamwambia Wambeti mwalimu wako huyu hapa.

Nilitafuta pa kuingia. Hapakuwa na pa kuingia, Kiirua ni tambarare.

Wambeti akanitazama. Muda mrefu, kama anavyotazama jani.

"Ni kweli," akasema. "Huyu ndiye aliyenifanya nitake kuchora. Mzee Bundi, tafadhali panda ngazi. Mimi siwezi."

Nikapanda. Ningefanya nini?

Hakufuta kitu. Kila jani langu alilipasua vidole kwa chaki, kila kidole kikatoa vidole vingine vidogo, na vyote vikaungana katikati kwa kipande kipana. Majani yakaacha kuwa yale. Yakawa mapana, mazito, ya mpapai. Mihogo yangu myeupe akaiunganisha, mmoja juu ya mwingine, ikawa shina. Zile ncha za machungwa! Akazizungushia duara, zikaanza kuiva. Mapapai, yamebanana shingoni mwa mti kama watoto kwenye kitanda kimoja. Kwenye shina akaweka alama za majani yaliyoanguka, kila moja umbo la almasi, safu kwa safu. Yeye chini anaelekeza, mimi juu napaka. Aliniambia mkono wangu ni mwepesi kwenye mistari mirefu. Nikavuta mwingine, mrefu zaidi.

Jioni polisi wakaja. Mkubwa wao akatembea kutoka upande huu hadi ule. Akauliza kama mapapai yanauzwa. Kanana akasema Kiirua mpapai hauoti, ni baridi. Mkubwa akasema basi nyumba hii ndiyo pekee yenye mipapai hapa, akaondoka anacheka vizuri. Kanana akaweka kiganja chake juu ya shina, akakaa hivyo.

Koome alimleta Cicily kwa gari lake, walisikia mjini. Mke wangu alishuka, akasimama. Kiza kikaanza kuingia, bado amesimama. Nikamwendea.

"Majani yale ya juu," akasema, "ni nani amechora?"

Nikasema ni mimi.

"Ni mazuri, Baba Kiambi. Yanakaa kama yanapumua."

Siandiki zaidi leo. Kuna vumbi machoni.

Jumatano, 19 Juni

Nimelala vizuri, nimefikiri vizuri. Mambo sasa yako wazi.

Wambeti mwenyewe amekiri, mbele ya mashahidi, kwamba mimi ndiye mwalimu wake. Kumbe nilimfundisha! Bila mimi asingejua kushika brashi. Kwa hiyo ukuta wa Marcella ni wangu pia, angalau nusu. Ukuta wa kanisa vilevile.

Pale Kiirua aliandika majina yetu yote mawili. Langu la kwanza. Lakini nimerudi na rula. Herufi zake zimesimama juu zaidi ya zangu kwa upana wa kucha. Anasema ni kwa sababu ya mteremko wa ukuta. Mteremko!

Nilimpitia Marcella na kopo dogo la rangi nyeusi ili niandike BUNDI pembeni, kwa haki tu. Alinifukuza na fagio. Nilipata kuandika BU.

Jumamosi, 22 Juni

Nilishinda kwa Koome, niliporudi nikakuta majirani wamejaa nyuma ya nyumba yangu. Nikadhani kuna msiba. Wakanipisha. Ukuta wa jikoni, kwa ndani!

Majani ya njahi, yale maharage yetu meusi. Matatu matatu, kama yanavyoota, kila moja limekatwa pembe mbili tu, wala si zaidi. Maganda ni nusu mwezi, na ndani mbegu nyeusi, kila moja na ule mstari wake mweupe mgongoni. Mashina yake yanapanda kwa mistari iliyonyooka hadi dirishani, halafu yanazunguka dirisha kana kwamba dirisha lilijengwa kwa ajili yake. Rangi ni mabaki ya makopo yangu. Nilitupa makopo yale nikidhani yamekauka.

Cicily alikuwa amesimama katikati yao, leso imejaa kijani. Akasema Wambeti alimwonyesha Alhamisi, baada ya soko. Uzi, msumari, chaki. Akasema alitaka kunishtua.

Nimeshtuka.

Kathure, mama wa nyumba ya pili, akamwomba amchoree sebuleni. Wambeti, ambaye naye alikuwepo, akasema yeye na mimi tulijifunza, lakini mkono kama ule hausomewi. Cicily akaniuliza ninaonaje. Watu wote wakanigeukia.

Nikasema ni mzuri sana. Nikasema kwa sauti kubwa, wote wasikie. Nikapiga hata makofi.

Sasa wameondoka. Nimekaa hapa jikoni nautazama. Kweli ni mzuri. Nimeutazama mpaka chai imepoa. Jiko la kuni liko kona ile nyingine, mbali, ambayo moshi umeipaka masizi tangu tujenge. Kesho nitamwambia Cicily tulisogeze upande huu, chini ya dirisha. Kwa ajili yake tu, asipate baridi akipika.